Fahali wa Makopo ya Tende: Kisa cha Lamassu wa Uwanja wa Trafalgar

Kopo la asali ya tende ni bati jepesi tu. Limepigwa chapa ya mtende, kishada cha tende na maandishi makubwa ya Kiarabu. Likiisha, asali ya mwisho hubaki imenata kwenye mshono wa chini, nyeusi kama lami, na sisimizi hulifuata hata ukilitupa mbali. Ukilikata na kulikunjua, ukingo wake una makali ya wembe. Kwetu halikosi mezani kila Ramadhani, na siku hizi siwezi kulishika bila kumkumbuka fahali mmoja mwenye mabawa.

Makopo 10,500 ya namna hiyo ndiyo yaliyomrudisha duniani lamassu wa Ninawi, mji wa kale wa Iraki, aliyevunjwa mbele ya kamera mwaka 2015 na Daesh, kundi la wapiganaji lililojiita Dola la Kiislamu. Mchongaji Michael Rakowitz, Mmarekani ambaye kwa mama ni mzao wa Wayahudi wa Baghdadi, alimsimamisha London, kwenye kitako cha nne cha kubebea sanamu katika uwanja wa Trafalgar, tarehe 28 Machi 2018. Alikaa pale mpaka 2020. Nakichambua kisa hiki kwa sababu naamini sanaa ya uchongaji haijautolea ugaidi wa kidini jibu zito kuliko hili katika miaka yetu, na uzito wake unatoka kwenye lile bati.

Tuanze na kilichovunjwa.

Lamassu ana mwili wa fahali, mabawa ya tai, na kichwa cha mtu mwenye ndevu ndefu zilizosokotwa na taji refu. Wafalme wa Ashuru walimweka malangoni awe mlinzi. Huyu wetu alisimama kwenye Lango la Nergal, Ninawi, tangu zama za Senakeribu, takribani mwaka 700 kabla ya Kristo, na jiwe lake lilikuwa na maandishi ya mfalme huyo kujisifu kwamba ameujenga upya ukuta wa ndani na wa nje wa mji na kuuinua juu kama milima. Msomaji wa Biblia anamjua Senakeribu. Msomaji wa Kurani anaujua mji kwa njia nyingine: ndio mji wa kaumu ya Nabii Yunus, watu laki moja au zaidi, waliotubu wakasalimika. Leo Mosul imeuzunguka mji huo wa kale, na Waislamu wa Mosul wameishi na mawe yale kwa karne kumi na tatu na zaidi bila yeyote kuyasujudia.

Daesh waliiteka Mosul Juni 2014. Mwezi uliofuata, tarehe 24 Julai, waliulipua msikiti wenye kaburi linalonasibishwa na Nabii Yunus mwenyewe. Tarehe 26 Februari 2015 wakasambaza video: wanaume ndani ya Makumbusho ya Mosul wakiangusha sanamu, kisha kwenye Lango la Nergal mtu akimtoboa lamassu usoni kwa nyundo ya umeme, vumbi la jiwe likimwagika. Msemaji wao alieleza kwamba haya ni masanamu yaliyoabudiwa na watu wa kale badala ya Mwenyezi Mungu.

Hoja hiyo ilivunjwa na mikono yao wenyewe. Mei 2015, askari wa Marekani walipovamia makazi ya kigogo mmoja wa kundi hilo nchini Syria, aliyejulikana kama Abu Sayyaf, walikuta humo risiti za kodi iliyotozwa kwenye mauzo ya vitu vya kale. Na Mosul ya mashariki ilipokombolewa mwanzoni mwa 2017, wataalamu wa mambo ya kale walikuta mahandaki yamechimbwa chini ya magofu ya msikiti wa Nabii Yunus, yakiingia moja kwa moja ndani ya kasri la Esarhadoni, mwana wa Senakeribu. Walikuwa wakichimba wapate cha kuuza. Kwa hiyo sanamu iliyoenea mfukoni ilikuwa bidhaa, na ile iliyozidi uzito wa kubebeka ndiyo ilikuwa shirki. Nalisema hili mapema ili tusiwape wavunjaji heshima ya kuwaita watu wa itikadi waliokosea njia. Kilichofanyika Lango la Nergal kilikuwa tamasha, na watazamaji walikuwa sisi.

Naikumbuka video ile pamoja na jambo jingine. Wiki tano baadaye, tarehe 2 Aprili 2015, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Garissa walitengwa kwa dini zao wakauawa. Waliokufa siku hiyo walikuwa 148. Hakuna jiwe linalolingana na mtoto mmoja wa mtu. Lakini ukitazama mkono unaowatenga watu kwa imani na mkono unaotoboa uso wa jiwe, utaona unatafuta kitu kimoja: kwamba mahali hapa hapajawahi kuwa na mwingine ila mimi. Ndiyo maana suala la nani anarudisha sanamu, na kwa kitu gani, si la wapenzi wa sanaa peke yao.

Sasa, jibu la kwanza kufika Trafalgar halikuwa la Rakowitz. Oktoba 2015 Daesh walilipua tao la ushindi la Palmyra, Syria, lililojengwa takribani mwaka 200 katika zama za kaisari wa Roma Septimius Severus. Tarehe 19 Aprili 2016 nakala yake ilisimamishwa katika uwanja ule ule. Ilichongwa kwa marumaru ya Misri na mashine zinazoendeshwa na kompyuta huko Carrara, Italia, kwa vipimo vilivyopatikana kwenye picha, ikiwa theluthi mbili ya ukubwa wa tao lenyewe. Boris Johnson, meya wa jiji wakati huo, ndiye aliyeizindua. Ilikaa siku tatu ikaondoka, na baadaye ikazungushwa New York, Dubai na miji mingine.

Nia ilikuwa njema, siibezi. Lakini tao lile lilisema nini? Lilisema: mmevunja, sisi tunaweza kurudisha, tena kwa haraka, tena kwa usahihi. Marumaru mpya ilikuwa safi, bila doa la mvua wala alama ya gurudumu la mkokoteni. Haikuwa na kifo ndani yake. Mtu aliyepita pale asubuhi angeweza kuondoka akidhani jambo limekwisha. Na Khaled al-Asaad, mzee aliyeyatunza magofu ya Palmyra kwa miongo mingi na ambaye Daesh walimuua hadharani Agosti 2015 akiwa na zaidi ya miaka themanini, hakuwa ndani ya lile jiwe hata kidogo.

Rakowitz alipita njia nyingine, na kuielewa lazima twende Brooklyn, New York.

Babu yake mzaa mama alikuwa mfanyabiashara Baghdadi, mwagizaji na msafirishaji wa bidhaa. Juni 1941 mji ule ulishuhudia siku mbili za mauaji ya Wayahudi, na katika miaka ya 1940 babu alihama na familia, hatimaye akafungua tena biashara yake New York. Wengi wa Wayahudi waliobaki, zaidi ya laki moja, walisafirishwa kwa ndege kwenda Israeli mwaka 1950 na 1951, na jumuiya iliyokuwapo tangu uhamisho wa Babeli ikabaki hadithi. Rakowitz alizaliwa 1973, Marekani, katika nyumba ambayo nyanya alipika vyakula vya Baghdadi. Iraki ilimfikia kupitia sahani kabla haijamfikia kupitia televisheni.

Miaka ya mwanzo ya vita iliyoanza 2003, katika duka la vyakula vya Kiarabu Brooklyn, mwenye duka alimwonyesha kopo la asali ya tende. Bati liliandikwa ni zao la Lebanon. Mwenye duka akamweleza: hii inatoka Baghdadi. Asali ilikamuliwa Iraki, ikatiwa kwenye mapipa makubwa ya plastiki, ikavushwa kwa lori hadi Syria kutiwa makoponi, ikapelekwa Lebanon kubandikwa jina, ndipo ikauzwa duniani. Hivyo ndivyo Wairaki walivyovipenya vikwazo vya Umoja wa Mataifa vilivyoanza Agosti 1990, na hata vikwazo vilipoondolewa 2003, gharama na usumbufu wa ukaguzi wa mizigo iliyoandikwa Iraki uliifanya njia ile iendelee. Bati likadanganya kuhusu kwao ili lipate kusafiri. Kama mkimbizi mwenye pasi ya kuazima.

Mwaka 2006 akakodi duka Atlantic Avenue, akalifungua kwa shughuli ya babu yake, akaagiza tani moja ya tende za khastawi kutoka Hilla, ziandikwe wazi kwamba ni za Iraki. Lori lilikwama mpakani mwa Jordan katika foleni ile ile ya familia zilizokuwa zikikimbia vita. Likarudishwa. Likajaribu Syria. Tende zikaharibika zikisubiri Damascus. Watu wa Brooklyn, wengine wazee wa Kiiraki, walikuwa wakiingia dukani kila siku kuuliza: zimefika wapi? Mwishowe yalifika maboksi kumi tu, kwa ndege. Wapo watakaouliza uchongaji uko wapi hapo. Kwangu mimi ndipo ulipoanza, kwa sababu alipokuja kumtengeneza lamassu tayari alijua bati lina safari gani ndani yake.

Kazi kubwa aliyoianza miaka hiyo, na ambayo lamassu ni sehemu yake, inaitwa Adui Asiyeonekana Hapaswi Kuwepo. Jina hilo ni tafsiri ya Aj-ibur-shapu, njia ya maandamano ya Babeli iliyopita katika Lango la Ishtar, lango ambalo leo liko Berlin. Lengo ni kutengeneza upya kila kitu kilichopotea Makumbusho ya Taifa ya Iraki. Aprili 2003, Baghdadi ilipoanguka, makumbusho yaliporwa kwa siku kadhaa; vitu takribani 15,000 viliibiwa na maelfu mpaka leo havijulikani viliko. Vifaru vya Marekani vilikuwa mjini, na wizara ya mafuta ililindwa. Donny George Youkhanna, Mkristo wa Kiashuru aliyehangaika kuvirudisha na kuja kuyaongoza makumbusho hayo, alikimbia nchi 2006 kwa vitisho vya kuuawa, akafa ughaibuni 2011.

Rakowitz na wasaidizi wake huvitengeneza vitu hivyo kwa magazeti ya Kiarabu na makasha ya vyakula vya Mashariki ya Kati vinavyouzwa Marekani: karatasi ya biskuti, kifungashio cha majani ya chai, pakiti ya supu. Kila kimoja huwekwa na namba yake ya makumbusho na maelezo ya hali yake, kama vile kimeibwa au hakijulikani kiliko. Ukikisogelea chombo cha kale cha Sumeri unaona kumbe shingo yake ni tangazo la tambi. Yeye huviita mizimu. Neno hilo Mswahili analisikia kwa uzito wake: mzimu si maiti aliyefufuka. Mzimu ni yule anayerudi kwa sababu kuna jambo halijamalizwa.

Kisha kikaja kitako.

Uwanja wa Trafalgar una nguzo ya Nelson katikati na vitako vinne pembeni. Vitatu vina mfalme George wa Nne na majenerali wawili: Napier aliyeiteka Sindh, na Havelock aliyepigana kuzima maasi ya India ya 1857. Cha nne kilijengwa 1841 kibebe sanamu ya mfalme William wa Nne juu ya farasi, fedha zikakosekana, kikabaki kitupu zaidi ya karne moja na nusu, na tangu mwishoni mwa karne iliyopita kimekuwa kikipewa wasanii wa sasa kwa zamu. Rakowitz alipoalikwa kupendekeza kazi, aliona urefu wa kitako kile, kama mita nne na kidogo, unakaribiana na urefu wa lamassu wa Lango la Nergal. Mlinzi angeenea pale karibu kwa kipimo chake halisi.

Wanaomjua fundi bati wataelewa haraka jinsi alivyotengenezwa. Nenda Gerezani Dar es Salaam au Kamukunji Nairobi, utamkuta mtu ameketi kwenye kigoda akilikata kopo, akilikunjua, akilinyoosha kwa nyundo, kisha anakunja ukingo juu ya ukingo ili bati lijishike lenyewe. Koroboi iliyotusomesha wengi wetu ilizaliwa hivyo, na juu ya tumbo lake uliweza kusoma ilikuwa kopo la nini. Lamassu wa Trafalgar ni ukoo mmoja na koroboi ile. Makopo yaliyobondwa yakawa bapa yalipangwa juu ya mifupa ya chuma, rangi kwa rangi: manyoya ya mabawa tabaka juu ya tabaka kama magamba ya samaki, ndevu kwa mistari, macho wazi. Kwa mbali unaona nakshi. Ukisogea unaona mitende, maelfu ya mitende midogo iliyochapwa kwenye bati, imelala chali, imesimama, imekatwa katikati na mkunjo.

Hapo ndipo ushahidi ulipo. Rakowitz hupenda kuitaja hesabu hii: miaka ya 1970 Iraki ilikuwa na mitende milioni 30, vita na Iran vilipokwisha 1988 ikawa milioni 16, baada ya uvamizi wa 2003 ikabaki kama milioni 3. Mashamba ya Basra, kando ya Shatt al-Arab, yalikuwa uwanja wa mapigano. Mtende hauzai kesho yake ukipandwa leo, unasubiriwa miaka. Kwa hiyo anapomvika lamassu makopo ya tende, hawezi kusema Daesh peke yao ndio waliovunja. Nyundo ya umeme ni ya Daesh. Vikwazo si vya Daesh. Mabomu ya 2003 si ya Daesh. Mlango wa makumbusho ulioachwa bila mlinzi si wa Daesh. Daesh wenyewe walikua kutoka kwenye kifusi cha nchi iliyokwisha kubomolewa na wengine, na bati linayasema haya yote bila kupaza sauti, katikati ya mji mkuu wa nchi iliyopeleka majeshi Iraki.

Kwa sisi wa pwani kuna jambo la ziada ambalo wachambuzi wa Ulaya hawawezi kuliona, wala siwalaumu. Tende ya Basra ni jirani yetu wa zamani. Kwa mamia ya miaka majahazi ya Ghuba yalishuka na kaskazi, Desemba hadi Machi, yakateremsha makanda ya tende Lamu, Mombasa na Unguja, na kusi ilipoanza yakapanda na boriti za mikoko ya Lamu na Rufiji. Nyumba za Basra na Kuwait ziliezekwa kwa boriti zetu, na futari zetu zilifunguliwa kwa tende zao. Si historia tamu tupu: mabwawa ya chumvi ya Basra ndiko Wazanji walikoasi utumwa mwaka 869 na kupigana miaka kumi na minne, na katika karne ya 19 mitende ya Ghuba ilimwagiwa jasho la watumwa kutoka bara letu. Bati la tende halikuwahi kuwa na mikono misafi. Lakini ni chakula cha kwanza kinywani mwa mfungaji kutoka Mosul hadi Pate, sunna ya Mtume, na aliyechagua kuwajibu kwa tende watu wanaodai kuusemea Uislamu alikuwa mjukuu wa Myahudi wa Baghdadi. Hapo nasimama kidogo kila mara. Hakuwajibu kwa msalaba wala kwa bendera. Aliwajibu kwa kile ambacho Muislamu, Mkristo na Myahudi wa Iraki walikuwa wakikila meza kwa meza kabla hawajaambiwa kwamba hawawezi kuishi pamoja.

Amefanya hivyo kabla na kwa mawe pia. Kwa maonyesho ya Kassel, Ujerumani, mwaka 2012, alichonga vitabu kwa jiwe la Bamiyan, Afghanistani, ambako Taliban walilipua sanamu mbili kubwa za Buddha Machi 2001. Vitabu alivyovichonga vilikuwa mfano wa vile vilivyoungua katika maktaba ya Kassel 1941, iliposhambuliwa na ndege za Waingereza. Jiwe la jeraha moja likachukua umbo la jeraha jingine. Na huko Bamiyan kwenyewe aliandaa mafunzo ya kuchonga mawe kwa vijana, jambo ambalo mimi naliweka mbele ya vitabu vyenyewe.

Yapo ninayomdai Rakowitz, na dai la kwanza ni la mahali. Mama wa Mosul aliyepoteza nyumba katika mapigano ya miezi tisa ya 2016 na 2017 hakupata kumtazama mlinzi wa mji wake. Waliomtazama ni watalii na wafanyakazi wa ofisi za London wakila mkate wa mchana. Sanamu ilielekezwa kusini-mashariki, imevuka kwa macho Bunge na Wizara ya Mambo ya Nje ikitazama Ninawi, na nimeona watu wakilisifu hilo sana. Ni wazo zuri. Ila mtu kutazama kwao si kufika kwao.

La pili ni la kusomeka. Bati linasema mengi kwa anayelijua. Asiyelijua ataona rangi za kupendeza na kupiga picha. Tao la Palmyra lilieleweka na kila mtu kwa sekunde moja na ndiyo iliyokuwa kasoro yake. Lamassu ana kasoro ya upande wa pili. Hata hivyo, kati ya kazi inayoeleweka upesi na kusahaulika upesi, na hii inayomngoja mtu asogee mpaka asome kopo, mimi nachukua hii. Na Rakowitz aliliona tatizo: kitabu cha mapishi ya asali ya tende kilitolewa wakati sanamu ikiwa bado pale, wapishi wengi wakachangia, ili kitu chenyewe kiingie midomoni mwa watu na si machoni tu. Huyu ni yule yule aliyewahi kuendesha gari la chakula Chicago, wapishi wakiwa Wairaki na wahudumu wakiwa askari wa Marekani waliorudi kutoka vita vya Iraki. Mtu aliyekuja kwenu na bunduki leo anakuletea sahani na kukuuliza kama imetosha chumvi. Nikiambiwa hilo nalo ni uchongaji sitabisha.

Dai la tatu lilikuwa zito zaidi, na alilijibu mwenyewe. Mwanzoni nilijiuliza: kama unawalilia lamassu waliovunjwa, mbona huwasemi waliochukuliwa? London ina lamassu halisi. Wako Makumbusho ya Uingereza, mwendo mfupi kwa miguu kutoka Trafalgar, nao walitolewa Nimrud na Khorsabad, miji ya kale ya Ashuru. Jibu liko katika kazi nyingine ya mradi huo huo, vyumba vya kasri la mfalme Ashurnasirpal wa Pili huko Nimrud, ambalo Daesh walililipua 2015. Rakowitz anazitengeneza upya mbao za mawe zilizokuwa ukutani siku ya mlipuko, kwa makasha ya vyakula kama kawaida yake. Lakini pale ambapo mbao zilikwisha kung'olewa na wachimbaji wa karne ya 19, anaacha ukuta mtupu. Ukiingia chumbani unaona rangi, kisha pengo, rangi, pengo. Mapengo yale yana anwani: London, Paris, New York, na vyuo vya Marekani ambavyo vilipelekewa mbao na wamisionari waliokuwa Mosul katika miaka ya 1850, waliotaka wanafunzi wao waone kwa macho ushahidi wa Biblia.

Hapo nilikaa nikafikiri. Mmisionari aliyekata jiwe kwa msumeno ili lisafiri, na Daesh aliyelipua lililobaki, si sawa. Sitaki mtu anisome vibaya. Mmoja alihifadhi, mwingine aliangamiza. Lakini kwa mtoto wa Nimrud leo ukuta ni mtupu pande zote mbili.

Lamassu alipoteremshwa Trafalgar mwaka 2020, swali likawa aende wapi. Rakowitz akaja na pendekezo: makumbusho ya Tate Modern yamchukue lamassu wa makopo, wamiliki pamoja na Iraki, na kwa upande wake Makumbusho ya Uingereza yarudishe Iraki lamassu mmoja halisi. Bati libaki London, jiwe lirudi. Sheria ya makumbusho hayo ya mwaka 1963 inawafunga mikono wadhamini wasitoe vilivyomo ila kwa hali chache mno, na hicho ndicho kikwazo kinachotajwa kila dai la aina hii linapofika mezani.

Njia waliyopita wale wa Nimrud imeandikwa vizuri. Mwaka 1847 mchimbaji Austen Henry Layard aliwakokota fahali na simba wenye mabawa kwa mkokoteni, mamia ya wanakijiji wakivuta kamba, hadi ukingo wa mto Hidekeli. Wakapakiwa juu ya chelezo zilizoelea kwa mamia ya ngozi zilizopulizwa hewa, wakateremka na maji hadi Basra, wakakaa wakingojea meli ya kuwapeleka London, ambako walifika 1850. Bandari ni ile ile. Msimu wa kaskazi ulipofika, nakhodha wa Ghuba alikuwa akipakia pale makanda ya tende kwa safari ya Lamu.